Riwaya za kubuni za kisayansi zinasema ukweli zaidi kuliko vitabu vya sayansi vinavyouzwa kwa wingi. Nani atanipinga?

1. Msomaji wa Ziwani (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma kwa zamu: riwaya moja ya kubuni ya kisayansi, kisha kitabu kimoja cha sayansi kilichoandikiwa msomaji wa kawaida. Mazoea hayo yamenifikisha kwenye msimamo ambao wenzangu hapa mjini wanaukataa katakata, nao ni kwamba siku hizi riwaya zinamheshimu msomaji kuliko vitabu hivyo vya sayansi.

Nianze na Project Hail Mary ya Andy Weir, iliyotoka mwaka wa 2021. Mwandishi anatuomba tukubali jambo moja lisilokuwapo, yaani kiumbe asiyeonekana kwa macho ambaye hunyonya nishati ya Jua kisha huenda kuzaliana katika hewa ya Zuhura. Tukishalikubali hilo, yanayobaki yanapigiwa hesabu mbele yetu. Mhusika mkuu, ambaye ni mwalimu wa sayansi, anaamka asijue aliko, anaangusha vitu na kupima muda vinaochukua kufika chini, na kwa hesabu hiyo anatambua kwamba hayuko duniani. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuifuata hesabu hiyo kwa kalamu yake mwenyewe.

Sasa chukueni Sapiens ya Yuval Noah Harari, kitabu cha historia ya binadamu. Jedwali la nyakati lililo mwanzoni mwa nakala yangu linasema kwamba zana za kwanza za mawe zilitengenezwa miaka milioni 2.5 iliyopita. Mwaka wa 2015 zilitangazwa zana za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zenye umri wa miaka milioni 3.3. Tofauti hiyo ni ya miaka laki nane, na ugunduzi wenyewe ulifanyika humu nchini mwetu, ilhali anayenunua kitabu hicho leo anasoma tarakimu ya zamani kwa sauti ileile ya uhakika. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman naye, katika Thinking, Fast and Slow ya mwaka wa 2011, ana sura nzima kuhusu majaribio yaliyodai kwamba maneno machache tu ambayo mtu ameyasoma bila kuyatilia maanani yanaweza kubadili mwenendo wake. Anamwambia msomaji kwamba kutoamini hakumo miongoni mwa chaguo lake. Baadaye majaribio mengi ya aina hiyo yaliporudiwa na watafiti wengine hayakuleta matokeo yale.

Swali langu ni hili: kwa nini wenye kazi ya kusema kweli ndio wanaoficha shaka zao, huku wenye kazi ya kubuni wakituonyesha kila msumari walioupigilia?

2. Omena Kavu (Mbita)

Mleta uzi, umedai kwamba riwaya ndizo zenye ukweli, na mfano wako wa kwanza ni mdudu anayekula Jua. Nimevuta kiti, endelea.

3. Mwalimu wa Njoro

Salamu kwenu nyote. Nafundisha fizikia, na vitabu vya Weir navifahamu kwa sababu wanafunzi hunijia navyo wakitaka niwaambie kipi ni kweli na kipi si kweli. Kama msomaji angeweza kutambua mwenyewe, kama asemavyo ndugu yetu wa Kisumu, wasingekuwa wakinijia.

Tazameni The Martian. Riwaya yote inasimama juu ya dhoruba inayokaribia kupindua chombo cha wanaanga na kumpigilia mhusika mkuu, Mark Watney, kipande cha antena. Hewa ya Mirihi, kwenye uso wa sayari hiyo, ina msongamano usiofika hata asilimia mbili ya hewa yetu, kwa hiyo hata upepo wa kasi kubwa sana ungemsukuma mtu kama upepo mwanana. Hakuna ukurasa ndani ya riwaya unaomwonya msomaji. Katika Project Hail Mary pia halipo jambo moja tu lisilowezekana. Upo mdudu, halafu kuna maada ngumu kupita kiasi iliyotengenezwa kwa xenoni, ambayo ni gesi inayojulikana kwa kutopenda kuungana na elementi nyingine.

Tena kuna Liu Cixin. The Three-Body Problem, iliyopata tuzo ya Hugo mwaka wa 2015 baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza na Ken Liu, inatuambia kwamba katika mfumo wa nyota wa Alpha Centauri kuna sayari inayotupwa huku na huku na jua tatu, mwendo wake usiweze kutabirika. Alpha Centauri ipo kweli, takriban miaka ya nuru minne na kitu kutoka hapa. Lakini nyota mbili kubwa huzungukana kwa utulivu, mzunguko mmoja ukichukua karibu miaka 80, na ya tatu, Proxima, iko mbali nazo sana, takriban sehemu moja ya tano ya mwaka wa nuru. Hesabu ya miili mitatu inayovutana, ambayo mwanahisabati Poincaré alihangaika nayo, ni ya kweli, ila mahali ilipopelekwa katika riwaya si pake. Mwanafunzi wangu mmoja aliiandika habari hiyo ya jua tatu katika jibu la mtihani wa darasani kama jambo la hakika. Je, huyo alijua kilichobuniwa?

4. Mama Msitu (Kakamega)

Mwalimu umeanza vizuri, ila mimi namuunga mkono mleta uzi, na ushahidi wangu unatoka kwenye miti.

Mtakumbuka jinsi tulivyoambiwa kwamba miti huzungumza chini ya ardhi. Suzanne Simard alichapisha mwaka wa 1997, katika jarida la Nature, utafiti kutoka misitu ya Kanada ulioonyesha kaboni ikihama kutoka mti wa aina moja hadi mti wa aina nyingine, na nyuzi za kuvu zilizoshikamana na mizizi zikatajwa kuwa ndizo njia. Utafiti huo ni wa heshima. Kisha vikaja vitabu, cha Peter Wohlleben wa Ujerumani, na mwaka wa 2021 Finding the Mother Tree cha Simard mwenyewe, na kidogo kidogo mti ukageuka mama anayewatambua watoto wake na kuwanyonyesha kupitia kuvu. Mwaka wa 2023 Justine Karst na wenzake wawili, ambao wenyewe ni wataalamu wa kuvu za mizizi, waliupitia ushahidi wa misituni na kusema kwamba madai ya mti mzima kuwapendelea watoto wake hayana utafiti wa nyanjani wa kuyategemeza.

Linalonikera zaidi ni hili. Wageni wanaokuja kutembelea Msitu wa Kakamega wamekwisha kuvisoma vitabu hivyo, nao huniuliza ni upi kati ya miti yetu ulio mama. Misitu ya Kanada iliyochunguzwa ina kuvu za aina inayoizunguka mizizi kwa nje, ilhali miti mingi ya misitu ya tropiki hushirikiana na kuvu za aina nyingine, zinazoingia ndani ya chembe za mizizi. Hata kama hadithi ya mti mama ingekuwa kweli tupu kule, isingetosha kuhamishiwa hapa bila uchunguzi mpya. Kitabu hakikuwaambia hivyo.

Maelezo yangu kwa swali la mleta uzi ni kwamba msomaji anataka mhusika. Mwandishi wa riwaya anaye tayari. Mwandishi wa sayansi akikosa mhusika humpachika mti roho.

5. Msomaji wa Ziwani

Asante, Mama Msitu, umelisema kwa ufasaha kuliko mimi.

Mwalimu, hoja ya dhoruba ya Mirihi naijua, na inanisaidia. Weir amesema hadharani kwamba upepo wa namna ile hauwezekani kule na kwamba aliuweka kwa makusudi, kwa kuwa alitaka hadithi ianze kwa shambulio la maumbile. Huyo ni mtu asiyeficha.

6. Mwalimu wa Njoro

Kahneman naye hakuficha. Mwaka wa 2017 aliandika hadharani kwamba aliziamini mno tafiti zilizokuwa na watu wachache kupita kiasi. Mshindi wa Nobeli, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, anakiri mbele ya dunia, nawe unampa Weir sifa na kumnyima yeye. Mizani yako imeinamia upande mmoja, ndugu.

7. Muuguzi wa Siaya

Hamjambo. Naongeza kitabu kingine kwenye kesi. Mwaka wa 2019 ilitoka The Mosquito ya Timothy Winegard, ambaye ni mwanahistoria. Anadai kwamba mbu wameua takriban nusu ya binadamu wote waliowahi kuishi, yaani watu bilioni 52 kati ya bilioni 108. Mimi nimefanya kazi wadi za watoto katika eneo lenye malaria mwaka mzima, na sina haja ya kushawishiwa kwamba mbu ni adui. Lakini kwa sehemu kubwa kabisa ya historia ya binadamu hakuna aliyeandika nani amekufa kwa ugonjwa gani, sembuse kuhesabu. Tarakimu hiyo ni makisio yaliyojengwa juu ya makisio, na imenukuliwa magazetini kana kwamba ilisomwa kwenye daftari la hospitali.

Kinachoniudhi ni kwamba hadithi ya kweli ilikuwa tamu bila chumvi hiyo. Anthony Allison, kijana aliyekulia Gilgil, mwendo mfupi kutoka Nakuru, alirudi Kenya mwaka wa 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kwamba jeni ya selimundu ilikuwa kwa zaidi ya asilimia 20 ya watu pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na kwamba kwa watu wa nyanda za juu ilikuwa adimu. Akajiuliza ni kwa nini jeni inayoua watoto isipungue kizazi baada ya kizazi, na mwaka wa 1954 akachapisha jibu: anayerithi nakala moja hukingwa dhidi ya malaria kali, na anayerithi mbili ndiye anayeugua. Mimi huwaeleza akina mama habari hii wanapouliza kama wamelogwa, na wengi huielewa mara moja, kwa sababu malaria wanaijua na watoto wenye selimundu wamewalea. Tafuteni basi ni vitabu vingapi maarufu vinavyosimulia jambo hilo na kuitaja Gilgil.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na Mama Msitu kwamba tatizo ni kukosa mhusika. Wahusika wapo tele. Tatizo ni tamaa ya tarakimu kubwa kwenye jalada la nyuma.

8. Muuza Vitabu (Nakuru)

Nimeuza vitabu vya mitumba kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba mnisikilize kidogo kuhusu biashara yenyewe, maana nyote mnalaumu waandishi.

Mnunuzi husimama, hugeuza kitabu, husoma mistari mitatu ya nyuma na kuamua. Kitabu kinachosema kwamba jambo fulani halijulikani vizuri, na kwamba watafiti wanagombana, kinabaki kwenye meza yangu hadi jua linalififisha jalada lake. Kinachosema kwamba kila ulichofundishwa ni uongo kinaondoka kabla ya saa sita. Waandishi wa ng'ambo wanalijua hilo, na wachapishaji wao wanalijua zaidi. Isitoshe, yako majarida yanayoajiri wakaguzi wa kuhakiki kila dai kabla ya makala kuchapishwa, lakini wachapishaji wengi wa vitabu hawafanyi hivyo. Kazi ya kuhakikisha ukweli wanamwachia mwandishi. Riwaya haina mkaguzi wa namna hiyo, lakini wasomaji wake ni wakali kuliko mkaguzi yeyote. Mashabiki wa Weir walikuwa wakimsahihisha tangu alipokuwa akiiweka The Martian sura kwa sura kwenye tovuti yake, kabla haijawa kitabu cha dukani. Hakuna aliyemfanyia Harari hivyo.

Ni soko tu, ndugu zangu. Mengine ni mapambo.

9. Mchimbuzi Kijana (Homa Bay)

Habari zenu. Nasomea akiolojia, na siwezi kupita bila kusema neno juu ya chapisho la kwanza.

Toleo la Kiebrania la Sapiens lilitoka mwaka wa 2011 na la Kiingereza mwaka wa 2014. Lomekwi ilichapishwa mwaka wa 2015. Kumlaumu mwandishi kwa kutotaja kitu ambacho kilikuwa bado hakijatangazwa si haki. Kwa kipimo hicho hata maprofesa walionifundisha ni waongo wote. Ukitaka kumshika Harari, mshike penye uzito, yaani kwenye lile dai lake kwamba takriban miaka 70,000 iliyopita kulitokea mapinduzi ya akili, binadamu akaanza ghafla kuwaza mambo yasiyoonekana. Huko Olorgesailie, kaunti ya Kajiado, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha watu wa zaidi ya miaka 300,000 iliyopita wakileta mawe ya obsidiani kutoka makumi ya kilomita na kutumia mawe ya rangi. Hilo linaashiria mawasiliano kati ya vikundi, na si jambo la ghafla hata kidogo. Mwaka wa 2021 lilitangazwa kaburi la mtoto wa umri wa takriban miaka mitatu kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi, lenye umri wa miaka 78,000, mtoto akiwa amelazwa kwa uangalifu mkubwa.

Na kwa kuwa uzi huu ni wa watu wa huku, msisahau Nyayanga, kwenye rasi ya Homa. Matokeo yalichapishwa Februari 2023: zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya Paranthropus, kiumbe ambaye si wa jenasi yetu. Hatujui ni nani aliyeshika zile zana. Mwandishi wa riwaya angeweza kujenga kitabu kizima juu ya swali hilo, lakini sijamwona aliyejaribu.

10. Omena Kavu

Kiboko amechinjwa Homa Bay zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita, na hadi leo hatujapata kibali cha kumla. Nauliza tu kama wale walikuwa na leseni.

11. Mvuvi Msomi (Dunga)

Omena Kavu, wewe ungepewa kiboko ungeuliza kama kuna mgongo wazi wake, ile mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa.

Nirudi kwenye mada. Mnazungumza kana kwamba vitabu vyote vya sayansi ni vibaya. Kipo Darwin's Dreampond cha Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyefanya utafiti upande wa Mwanza, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka wa 1996. Kinahusu samaki tunaowaita fulu. Ziwa letu lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita, na tangu lijae tena wamezuka spishi takriban 500 za samaki hao, mwendo wa mabadiliko ambao ni vigumu kuupatia mfano kwingine. Kisha mbuta (sangara) wakaletwa miaka ya 1950, wakawa wengi miaka ya 1980, na spishi nyingi zikatoweka mtafiti akiwa bado anazihesabu. Goldschmidt anaandika waziwazi pale asipojua. Anaeleza hata jinsi alivyochoka na jinsi wenyeji walivyomshangaa. Sijawahi kuona riwaya inayomshinda kwa unyofu.

Wala hakuwa na majibu yote. Mwaka wa 2017 watafiti walionyesha kwa jeni kwamba samaki hao walitokana na mchanganyiko wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili ya juu, na mchanganyiko huo ndio uliowapa utajiri wa kubadilika upesi. Kitabu hakikulijua hilo, lakini hakikuharibika, kwa sababu hakikudai kwamba swali limefungwa. Tena kuna kazi ya Ole Seehausen ya mwaka wa 1997, iliyoonyesha kwamba maji yakiwa machafu majike hawatofautishi tena madume kwa rangi, na spishi huanza kuchanganyika. Sisi wa Ghuba ya Winam, ambao maji yetu ni rangi ya chai ya maziwa, hatukuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kwa hiyo maelezo yangu ni tofauti na yenu nyote. Mwandishi aliyeshinda shambani kwa miaka na kulowa maji huandika kwa shaka, kwa sababu shaka ndiyo aliyoishi nayo. Anayekusanya kazi za wengine huandika kwa uhakika, kwa kuwa shaka zao hazikuandikwa kwenye muhtasari alioukusanya. Winegard na Harari wote wawili ni wanahistoria wanaopita mashamba ya wengine.

12. Mama Msitu

Mvuvi Msomi, Simard alishinda shambani maisha yake yote. Maelezo yako hayamfikii.

13. Mvuvi Msomi

Alishinda shambani, kisha akaandika kuhusu uzazi wake na ugonjwa wake katika kitabu hichohicho. Hapo ndipo mti ulipoanza kuwa mama.

14. Jepkosgei wa Eldoret

Naomba nirudi kwa mleta uzi, kwa maana nadhani riwaya nazo huchakaa vilevile. The Ministry for the Future ya Kim Stanley Robinson, ya mwaka wa 2020, inaanza na wimbi la joto nchini India linaloua mamilioni ya watu, na nilipoisoma sikulala. Ndani yake kuna kipimo mashuhuri: ukikifunga kipimajoto kitambaa chenye maji nacho kikasoma nyuzi 35 za Selsiasi, jasho halimsaidii mtu tena, hata mwenye afya aliyekaa kivulini. Kipimo hicho kilitoka kwenye hesabu zilizochapishwa mwaka wa 2010. Mwaka wa 2022 watafiti wa Marekani waliwaweka vijana wenye afya ndani ya chumba chenye joto na unyevu, wakakuta kwamba miili yao ilianza kushindwa kujipoza kwenye takriban nyuzi 31. Wazee na wagonjwa wako chini ya hapo. Hivyo basi riwaya hiyo, inayosifiwa kwa kutisha, ilikuwa na matumaini kupita ukweli, na kila anayeisoma leo anaondoka na ile 35. Je, hiyo si Lomekwi yako nyingine, Msomaji wa Ziwani?

Ninyi wa Kisumu mnapaswa kulijali jambo hili kuliko sisi wa Eldoret tulio kwenye zaidi ya mita 2,000. Joto lenu lina unyevu wa ziwa.

15. Msomaji wa Ziwani

Dada Jepkosgei, tofauti ipo. Robinson aliandika kitabu chenye neno riwaya juu ya jalada, na anayekwenda kujikinga na joto kwa kutegemea riwaya amechagua mwenyewe. Harari anauzwa kwenye rafu ya historia. Mkataba na msomaji si mmoja.

16. Muuguzi wa Siaya

Mkataba huo nani amewahi kuusoma? Wagonjwa wangu wanaamini walichokiona kwenye filamu kuliko nilichowaambia mimi mwenye sare.

17. Mwanafasihi wa Bungoma

Wakubwa zangu, nimesoma machapisho yote na naona mnafanya riwaya ya kubuni ya kisayansi iwe Andy Weir peke yake, yaani hadithi ya mtu, bisibisi na kikokotoo. Kipimo hicho ni chembamba mno.

The Old Drift ya Namwali Serpell wa Zambia, iliyopata tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka wa 2020, inasimuliwa kwa sehemu na kundi la mbu. Ndani yake yumo Edward Makuka Nkoloso, mwalimu aliyetangaza mwaka wa 1964 kwamba Zambia itatuma watu mwezini, akiwabiringisha wanafunzi wake mlimani ndani ya pipa la mafuta ili wazoee safari. Msomaji asiyejua historia ataapa kwamba Nkoloso amebuniwa na kwamba videge vidogo vya umbo la mbu vilivyomo mwishoni mwa riwaya ni vya kweli. Mambo ni kinyume: Nkoloso aliishi, na vile videge ni vya Serpell. Mwandishi hakuweka alama popote, na kwa makusudi kabisa, kwa sababu anatuuliza ni nani aliyeamua kwamba ndoto ya Mwafrika kwenda mwezini ni kichekesho. Hoja ya mleta uzi kwamba riwaya huonyesha kila msumari haina mguu hapa, na bado riwaya hii ni bora kuliko zote zilizotajwa.

Halafu, mbona hamjamtaja hata mmoja wa kwetu? Katama Mkangi alichapisha Walenisi mwaka wa 1995. Dzombo anahukumiwa kuuawa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, anajifunza kukiendesha, na anatua kwenye nchi yenye utaratibu wa haki unaoiaibisha nchi alikotoka. Hakuna hesabu hata moja ya mwendo wa chombo kile. Kyallo Wadi Wamitila naye alitupa Bina-Adamu! mwaka wa 2002, na Said Ahmed Mohamed akamrudisha babu kutoka kaburini katika Babu Alipofufuka kuja kumsumbua mjukuu mwenye cheo. Ukweli wanaoutafuta waandishi hawa ni wa namna mtu anavyotawaliwa, na kipimajoto hakiufikii.

18. Mwalimu wa Njoro

Mwanafasihi, nakubali kuhusu Serpell, lakini umeuondoa mjadala mahali ulipokuwa. Tukisema kwamba riwaya inatafuta ukweli wa namna nyingine, basi dai la kichwa cha uzi huu haliwezi kupimwa kabisa, wala kushinda wala kushindwa.

19. Muuza Vitabu

Limeshindwa sokoni zamani. Kwenye meza yangu Sapiens inanunuliwa kuliko riwaya zote mlizotaja mkizijumlisha.

20. Mchimbuzi Kijana

Na Orbital ya Samantha Harvey mtaiweka wapi? Imepata tuzo ya Booker mwaka wa 2024, inahusu watu sita ndani ya kituo cha anga katika siku moja, wakiizunguka dunia mara 16, na kituo chenyewe ni kama kile tunachokijua. Wengine wanaiita ya kubuni ya kisayansi kwa sababu tu iko juu ya mawingu. Mimi niliisoma nikiona ni kitabu cha jiografia kilichoandikwa na mshairi.

21. Msomaji wa Ziwani

Orbital ndiyo inayonipa nguvu, kijana. Mwandishi hajawahi kwenda angani, na haoni aibu kuliacha swali likining'inia. Nionyesheni kitabu kimoja cha sayansi kilichouzwa kwa wingi miaka ya karibuni kinachofanya hivyo.

22. Jepkosgei wa Eldoret

An Immense World ya Ed Yong, ya mwaka wa 2022, kuhusu hisi za wanyama. Kinasema wazi kwamba hatuwezi kujua kikamilifu jinsi popo anavyoionja dunia yake, na kiliuzwa vizuri sana.

23. Msomaji wa Ziwani

Kimoja. Nangoja cha pili.

24. Mvuvi Msomi

Entangled Life ya Merlin Sheldrake, ya mwaka wa 2020, kuhusu kuvu. Ana sura juu ya ule mtandao wa mizizi, na humo anatahadharisha kwamba tukiitazama misitu kwa macho ya miti peke yake tunazisahau kuvu zenyewe, ambazo zina maslahi yao. Mama Msitu atanisahihisha kama nimemsoma vibaya.

25. Mama Msitu

Umemsoma sawasawa, ila sura hiyo haikuwakinga wasomaji wake. Wageni wanaouliza mti mama wengi wao wamebeba kitabu hichohicho.

26. Omena Kavu

Mwanafasihi, hiyo Walenisi nimeitafuta madukani bila mafanikio. Kama unayo nakala na utapita Kisumu, iache kwa Msomaji wa Ziwani, ila umwonye asiipigie hesabu.